Anka Yu Hai

Karakana ya Makochi,
Mlango wa uani,
Nyuma ya duka la dawa.

Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kimbaumbau,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na hao ulio nao. Hujambo? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepona? Baridi ya huko imepungua, au bado mnavaa masweta mawili mawili? Naanza na afya kwa sababu ndivyo tulivyofunzwa, na kwa sababu nikianza na jingine nitaichana karatasi hii kabla sijafika nusu.

Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mama miguu inamvimba jioni, asubuhi inanywea, na ukimwambia apunguze chumvi anakuuliza wewe ni daktari tangu lini. Mkeo yuko palepale kwa dobi, anapiga pasi mashati ya watu kuanzia alfajiri, viganja vimeota sugu. Mimi mvi zimenijaa na jino moja limeng'oka, lakini nyundo naishika bado. Binti yako ni mzima. Naomba usome hapo mara mbili: binti yako ni mzima wa afya, ameota meno mapya ya mbele, na chakula anakula kuliko mimi.

Barua hii anakuletea rafiki yako dereva wa lori, anayeondoka kesho. Ningekupigia simu, ila simu yako siku hizi inaita mpaka inachoka yenyewe. Najua unaiona. Namba yangu unaijua.

Kazi si haba. Watu wameacha kununua makochi mapya, wanaleta ya zamani nivishe upya, kwa hiyo karakana imejaa sponji mpaka dirishani na vitambaa hadi nalalia. Nimepata mteja mwenye hoteli, anataka viti vyote viwe rangi ya damu ya mzee. Nimemwambia wageni watadhani wamekuja mahakamani. Hakusikia.

Sasa niache kuzunguka mbuyu. Nataka kukukumbusha habari ya jina, maana naona imekutoka kichwani.

Anka alipozaliwa wewe ulikuwa umeshaondoka. Tulikupigia kutoka wodini, simu tukailaza juu ya mto, sauti tukaifungua hadi mwisho ili na wa vitanda vya jirani wafaidi. Mama alikuwa na jina tayari mdomoni, jina la marehemu bibi aliyetulea. Ukakataa. Ukasema mwanao hawezi kuvaa jina lililokwisha kuvaliwa, atakuwa na lake jipya kabisa. Ndipo ukasema: Anka. Mkeo akauliza ni la kike au la kiume, nawe ukacheka.

Ukatueleza kwamba anka ni ndege wa hadithi za kale, mkubwa kuliko nyumba, anayenyakua tembo kama mwewe anavyonyakua kifaranga, na akiruka kivuli chake kinafunika mji. Ulisimuliwa na mzee mmoja mnayefanya naye kazi ghalani. Ukaapa kwamba ukizunguka dunia nzima hutampata mtoto mwingine mwenye jina hilo. Nilikuona una maringo, lakini siku ile nilikupenda. Kitovu cha mtoto hakijakauka, na baba yake ameshamtafutia ndege wa kubeba tembo!

Mama alikubali kwa sharti ambalo kila aliyezaliwa nyumba yetu analijua, nawe ulilinyonya pamoja na maziwa. Kwetu jina ni la mtu mmoja. Akiwa hai haguswi. Akishazikwa ndipo jina lake linarudi kwa mtoto mwingine. Mimi nina la mama mkubwa aliyefariki kabla sijazaliwa, wewe una la babu. Wenzetu wanaona ni heshima kumpa mjukuu jina la bibi aliye hai. Kwetu ni kumchimbia mtu kaburi angali anatembea. Ndiyo maana siku ile mama aliuliza na kuuliza tena kama katika ukoo kumewahi kuwa na Anka, aliye hai au aliyekufa. Hayupo. Basi, akasema, na awe huyu.

Nikuchekeshe kidogo kabla sijakuudhi. Lile jina la pekee duniani halikukaa peke yake hata mwezi. Mkunga alilipenda. Kila aliyejifungua pale akawa hajui amwite mwanawe nani, mkunga alikuwa na dawa. Mwenye duka la dawa akampa bintiye. Fundi bomba akampa mwanawe wa kiume. Kuna kinyozi ameliandika juu ya mlango wake, na chini yake amechora kitu ambacho mimi naona ni kuku mwenye meno. Siku ya chanjo nesi akiita Anka, nusu ya benchi inasimama. Hakuna aliyejua maana yake. Walisikia tu kwamba limetoka mbali, na watu wetu kitu kikitoka mbali hawakiulizi maswali.

Anka wetu alipoanza shule alikuta wako watatu darasani. Akarudi kamasi mpaka kidevuni. Mwalimu alikuwa amewagawa: Anka Mrefu, Anka wa Dawa, na wetu akawa Anka wa Mashati, kwa ajili ya kazi ya mama yake. Nilimfuta kwa kipande cha kitambaa cha kochi nikamwambia, hao wengine wameazima tu. Wewe ndiye wa kwanza, lako lililetwa na baba yako kwa ajili yako peke yako. Aliniamini. Tangu hapo akiulizwa jina anasema, "Anka, yule wa kwanza." Wateja wangu wanakuja kupimiwa makochi, hawajauliza kitu, nao wanaambiwa.

Mwaka huu mwalimu wao, kijana mpole mwenye chaki hadi kwenye nyusi, aliwaagiza kila mtoto aulize nyumbani maana ya jina lake. Anka akakupigia wewe. Ukamwambia uko kazini, utampigia baadaye. Alikaa na simu mapajani hata kuoga akakataa, asije akaikosa. Hukupiga. Kesho yake nikaenda kwa mwalimu mwenyewe. Akaniambia uliyosema ni kweli, tembo na kivuli na vyote, ila kuna kipande ulikiacha. Anka ni ndege ambaye watu wanajua jina lake tu. Mwili wake hakuna aliyewahi kuuona. Watu wa zamani walipotaka kusema kitu hakipatikani, walimtaja yeye.

Nilirudi njiani nasema peke yangu. Nikaona jina ulilitoa vizuri, ila ulikosea mtu wa kumpa. Nyumba hii unatajwa asubuhi na jioni. Baba atakuja, baba ataleta, baba amesema. Mtoto ana miaka saba na hajawahi kukushika hata sikio. Lakini yeye alipoambiwa maana ile alifurahi, wala hakuona ubaya. Akasimama mbele ya darasa akaeleza kwamba huyo ndege hakuwahi kuonekana, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kuonekana. Wakampigia makofi. Nakuandikia haya ili ujue ni mtoto wa namna gani uliyemfanyia uliyoyafanya.

Rafiki yako dereva alifika Jumatano ya wiki ile nyingine. Ni mtu mwema, sina neno naye. Alipitia kwanza kwa mama kutoa salamu, kama mtu aliyelelewa. Akapewa kiti, akapewa chai. Akampongeza mama kwa mjukuu. Mama akauliza mjukuu yupi. Akajibu, "Si huyu wa kule kwa mwanao, mama. Huyu mchanga, Anka." Akatoa na simu amwonyeshe picha: kitanda kidogo cha mbao, na ukutani herufi za karatasi za rangi zimebandikwa, jina zima. Alidhani tunajua. Nani angedhani hatujui?

Mama hakuitazama ile picha. Hakuuliza mwanamke ni nani wala mlianza lini. Kichwani kwake lilipita jambo moja tu: mwanangu ametoa jina la Anka kwa mtoto mwingine, basi Anka amekufa. Wiki ile mtoto alikuwa na homa, amelala kwangu, na mama alikuwa hajamwona kwa siku kadhaa. Hakupiga hesabu. Alijua tu kwamba amefichwa kwa sababu ya presha yake. Wewe ulitaka awaze nini kingine? Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na ndivyo alivyotufundisha sisi.

Alitoka na kiatu kimoja. Sauti yake unaijua, haijapungua kwa uzee. Kufika kona ya pili wanawake walikuwa wamejifunga viunoni na kumfuata wakilia, wengine hawajui hata wanamlilia nani. Mwenye duka la dawa alishusha mlango wake wa chuma kwa heshima ya msiba. Fundi bomba akabeba benchi kichwani. Kwa mambo mengine mtaa huu unachelewa, lakini kwa msiba hauhitaji kuitwa.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kochi la mteja, misumari mdomoni. Anka alikuwa juu ya fremu tupu ya kochi jingine, amejifunika shuka, anakula chungwa na kunipangia vifungo kwa rangi. Mlango ukajaa watu. Mama akaingia anamwita, macho yamejaa machozi haoni kitu, na kila akimwita Anka anaitika, "Abee, bibi." Ndiyo kwanza mama akazidi kulia. Akamwita tena, akaitikiwa tena. Hapo akafuta macho, akamwona. Aliangukia rundo la sponji, na nashukuru Mungu nilikuwa sijaliondoa.

Anka alishuka na shuka lake akamshika bibi mkono. Akauliza, "Nani amekufa?"

Kulikuwa na mama mmoja huko nyuma, mlangoni, ambaye haoni ndani. Akamjibu katikati ya kilio chake, kwa huruma kabisa: "Anka, mwanangu. Anka ndiye aliyekufa."

Siku nyingine ningecheka mpaka nimeze msumari. Siku ile nilimtazama mtoto usoni nikaona jambo ambalo sijui kuliandika. Alikuwa ameamini. Alijitazama mikono, chungwa bado kalishika, kana kwamba anahakikisha.

Dereva akafika anahema, ameshika kiatu cha mama. Ikabidi aeleze, na akaeleza mbele ya watu wote, maskini, jasho linamtoka. Mkeo alikuwa ameshaitwa kutoka kwa dobi. Alisimama karibu na cherehani akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza swali moja: "Huyo mama wa mtoto anajua kwamba mimi nipo?" Dereva akakitazama kiatu.

Hapo nikaelewa kila kitu. Mwanamke anayejua kwamba mumewe ana binti aitwaye Anka hawezi kukubali wake aitwe Anka. Kwa hiyo hukumwambia. Huko uliko wewe ni mtu asiye na mtoto, asiye na mke, aliyeanguka kutoka mawinguni. Ulikuwa na jina moja zuri ulilolipenda. Ukaona aliyelivaa huku hahesabiki, ukalitoa tena kama jipya.

Kuoa mke wa pili hukuanza wewe, wala wa kuficha si wewe wa mwisho. Wanaume wa mtaa huu peke yao wanaweza kutoa mafunzo. Ningekufokea, ningenuna, yangekwisha. Damu ni damu. Lakini jina, Kimbaumbau! Majina yamejaa duniani kama mchanga, hata ungefumba macho ungeokota. Ulikuwa na haki ya kutusahau sisi wakubwa. Yule mtoto alikuwa na kitu kimoja tu kutoka kwako, nacho umekwenda kumnyang'anya ukiwa hukohuko mbali. Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Yako imefika.

Mkeo hakulia. Alirudi kazini mchana uleule, na shati la kwanza aliloliweka mezani akaliunguza kola. Miaka yote aliyofanya kazi pale hajawahi kuunguza hata kifungo. Dobi mwenyewe alimwambia akapumzike, akakataa, akasema nyumbani ndiko kunakochosha.

Homa ilipomwisha Anka alirudi shule. Baada ya siku mbili mwalimu akaja hapa karakana, akasimama katikati ya vitambaa anatafuta pa kuanzia. Akaniambia akiita Anka wanaitika wawili, na wa tatu anamtazama tu. Akimwita Mashati, anaitika. Nilimweka mtoto juu ya kochi nikamuuliza kulikoni. Akanijibu bila kununa, kama mtu anayenieleza njia ya kwenda sokoni: "Shangazi, si limeshapewa mwingine?"

Jioni ile nilipita kwa mama nikamwambia ni lazima tukae.

Jumanne tulikaa, mama, mjomba, mkeo na mimi. Mjomba, kwa kuwa anapenda mambo yaishe mapema akalale, akashauri mtoto apewe jina jingine. Mama akakataa katakata. Alisema aliye hai havuliwi jina, na akimvua atakuwa amemzika yeye kwa mikono yake. Mjomba akasema basi tuiache hiyo kanuni, ni mambo ya kizamani, na kwa vyovyote wewe umeshaivunja. Mama akasema haijavunjwa. Hakueleza. Alikaa anakunja na kukunjua pindo la nguo yake, nasi tukaondoka.

Alhamisi mdogo wetu wa mwisho, yule uliyemwacha anakwenda shule na soksi zimemshuka, amejifungua mtoto wa kiume. Wote wawili wazima. Jana tulikwenda kumtazama, wodi ileile. Mama alimpakata, akamwekea kiganja kichwani, akamwita jina.

Alimwita jina lako.

Mdogo wetu aliinua kichwa kutoka kwenye mto akamtazama mama, kisha akarudi kulala, machozi yakamtiririka kuingia masikioni. Mkeo ndiye aliyeitikia kwanza. Alisema, na awe. Mimi nilifungua mdomo kupinga, nikakuta sina hoja, maana sheria ya nyumba yetu naijua kama unavyoijua wewe. Anka yu hai. Basi aliyekufa ni mwingine. Mama hakutoa hata chozi. Nadhani aliyamaliza siku ile.

Anka akaomba naye apakate. Tukamketisha, tukamwekea mto chini ya mkono. Akauliza mtoto anaitwa nani, bibi yake akamwambia. Jina la baba yake analijua, ameliandika shuleni mara nyingi kuliko mimi. Alinitazama, akamtazama mama yake, hakuna aliyemkatalia. Akamwinamia yule mchanga, akamwambia taratibu, "Mimi naitwa Anka." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka tangu siku ya kilio.

Usidhani nimekuandikia ili uje urekebishe. Nimekuandikia ili usije ukafika mlangoni siku moja ukajitaja jina, ukashangaa anayeitika.

Mjomba anakusalimu, anasema mgongo uukande kwa maji ya moto. Mwalimu wa Anka anakusalimu ingawa hakujui. Mdogo wetu anakusalimu sana, na hajui aseme nini zaidi. Mkeo nilimsubiri mpaka nikalamba bahasha, hakunipa salamu, nikaifungua tena ili niandike hivyo. Huyo mchanga wa huko umbusu kwa niaba yangu. Kitanda hakizai haramu, naye hana kosa. Mungu amkuze, ampe macho ya kumwona baba yake kila siku, bahati ambayo mwenzake hakuipata.

Mama nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Akaniambia maiti haandikiwi barua.

Mimi nimeandika. Ni mimi ninayekupenda bado,

Dada yako.